Tajiri Alipoacha Kunguruma

Mume wangu Faki,

Makaburini sisi wanawake hatukufuati, na siku waliyokutoa humu ndani mimi nilibaki nimeshika mguu wa kitanda, sikupata hata kukuaga. Kwa hivyo nakuletea salamu zangu leo kwa karatasi, kwa herufi zile zile za Kiarabu za chuoni ulizokuwa ukinicheka nikiziandika, ukisema nukta zangu zimemwagika kama mtama. Amani ya Mungu ikushukie huko uliko. Sisi hapa Ole tu wazima, ila mimi nimechoka.

Nimechoka kwa jambo ambalo wewe ungelicheka. Nimechoka kwa ajili ya mbwa wako.

Eda yangu imekwisha. Salma anatuma maneno kutoka Gando kila akipata mtu wa kuja huku: mama funga mzigo, chumba kipo, utakaa tu uwatazame wajukuu. Kisha huyo mtu aliyetumwa hukohoa kidogo na kuongeza kwamba wakwe zake Salma hawataki mbwa kwao. Siwalaumu. Hata mimi sikumtaka, na hilo unalijua kuliko mtu yeyote.

Unakumbuka ulivyomleta? Ulitoka kwa wasasi wenzako wa nguruwe umebeba pakacha, nami nikadhani ni maembe. Nilipoona kinachotingishika ndani nilikwambia najisi hiyo haitavuka kizingiti changu. Ukaniitikia upesi mno, na kila ulipokuwa ukiniitikia upesi nilijua umeshapanga lako. Siku ile ile ukamjengea banda nyuma ya jiko, ukamwita Tajiri, eti na sisi nyumba yetu iwe na tajiri mmoja.

Baadaye ukalaza gogo la mnazi katikati ya uwani. Upande huu nyumba yangu, jiko langu, msala wangu wa kusalia. Upande ule mbwa. Nilikaa juu ya mbuzi nakuna nazi na kukutazama, mtu mzima na ndevu zake, umechutama mbele ya kitoto cha mbwa. Akibaki nyuma ya gogo, unamtupia kipande cha muhogo. Akilivuka, unampa mgongo, huna habari naye. Hukupiga, hukufoka. Atahangaika, atazunguka, atarudi nyuma ya gogo akae, na hapo ndipo ulipogeuka na muhogo wako. Nilikuuliza siku atakapohitimu utamfanyia karamu ya khitma, ukacheka mpaka mbwa naye akatikisa mkia bila kujua anacheka nini.

Pua yake mbichi haikugusa nguo yako hata mara moja. Ulimfundisha kwa sauti, kwa mgongo na kwa muhogo, basi. Gogo lile lililiwa na mchwa likaisha, na Tajiri aliendelea kusimama pale pale lilipokuwa. Msimu wa karafuu tulitandaza majamvi uwani, na kuku wa jirani walikuwa wakiyachezea apendavyo kila mmoja, lakini yeye aliyazunguka.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa wa papa. Alikuwa papa mkavu mzuri, nimemtundika kwa ajili ya wageni, na Tajiri akamwangusha akala. Nilikuja kwako na mchi mkononi. Wewe ukasimama ukamwita kwa ule mwito wako wa kuvuta, hooo Tajiri, naye akaja mbio, masikio nyuma, mafuta ya papa wangu yangali mdomoni. Nikasubiri umchape. Ukamwambia vizuri, ukampa muhogo. Sikusema nawe mpaka tukalala, na asubuhi ulinieleza huku unafunga kikoi. Ulisema ukimwita ukampiga, yeye atakachoshika ni kwamba kuitwa kunauma, na samaki ameshamsahau. Nikakujibu kwamba mimi sijamsahau. Hata hivyo maneno yako yalinikaa.

Wenzako wasasi walikuwa na njia yao, ya baba zao na babu zao: mbwa wa kuwinda nguruwe hushindishwa na njaa, huonjeshwa gongo la mbavuni, eti ndipo awe mkali. Wewe ulikwenda msituni na mbwa aliyeshiba. Walikucheka. Lakini jioni, nguruwe akishauawa au akishawapotea, mbwa wao walitokomea vichakani hawataki kuitwa na mtu, na wewe uliita mara moja tu. Hata Shaame mdogo wako aliliona hilo. Aliliona na hakulipenda, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akishinda msituni kutafuta mbwa wake. Mungu ameweka vioja: ndugu wawili sauti moja, mtu akiwa nyuma ya ua hawezi kujua ni nani anayesema, na mikono yenu haikufanana kabisa.

Sasa nakukumbusha siku ya ufagio, kwa sababu yote yaliyonipata baada yako yanatoka hapo. Nilikuwa nafagia, Tajiri anakula katika kigae chake, nikapeleka ufagio karibu mno. Akanguruma. Ule mngurumo wa chini, wa kifuani, meno nje. Nilitupa ufagio nikapiga kelele, nikakutaka umuue au unipe talaka yangu, moja kati ya hayo mawili. Ukaja pole pole. Hukumsogelea. Ulisimama, ukamwambia yeye kwanza, kama mtu anayemjibu mwenzake:

"Haya, nshasikia."

Ukarudi nyuma kidogo, naye akanyamaza, akaendelea kula. Kisha ndipo ukanigeukia mimi.

"Kakwambia, Mize. Mbwa akikwambia, mwitikie. Wa kumchelea ni yule asokwambia."

Ukanieleza mengi siku ile, nami nilikuwa nasikiliza kwa hasira lakini nasikiliza. Kwamba kabla ya kunguruma huwa amekwisha kusema kwa mwili: amekaza mgongo, amesimamisha mkia, amegeuza jicho mpaka weupe unaonekana. Kwamba mngurumo ni adabu yake, ndiyo njia yake ya kukataa ugomvi. Ukaniuliza, na hili nililicheka, kwani mimi nikinyang'anywa sahani sinung'uniki? Tangu siku ile kila aliponguruma ulimwitikia hivyo hivyo, haya, nshasikia, ukampa nafasi yake. Na kadiri ulivyomwitikia ndivyo alivyopunguza kunguruma.

Halafu masika yale ukashikwa na homa. Sitaki kuyaandika hayo.

Nilipoingia eda nilidhani shughuli yangu itakuwa kulia tu na kusali. Nimekaa chumba cha nyuma, dirisha limefungwa, na nyuma ya ukuta ule ule ndiko mbwa wako aliko. Sikumwona, nilimsikia. Siku za mwanzo kila jioni, wakati uliokuwa ukirudi, alikuwa akiinuka, anatikisa masikio, anakwenda mpaka penye njia na kurudi. Nilisikia kucha zake juu ya udongo mkavu. Nilijua anakungoja, na mimi ndani nakungoja, na sote wawili wajinga.

Shaame alimchukua kama urithi wa ndugu yake, ingawa Maalim Othman anayesomesha chuoni alishasema mbwa si mali ya kurithiana, ni wa kutunzwa na anayemhitaji. Basi Shaame alimhitaji. Siku hizi, Faki, nguruwe wamekuwa na neema. Unajua usasi unataka watu wengi, wa kuzunguka msitu, wa kupiga kelele, wa mikuki. Sasa watu wamegawana vyama, wa chama hiki haongozani na wa kile, wengine hata hawaazimani kiberiti. Wanakwenda msituni nusu nusu, na nguruwe, ambaye hana chama, anapita katikati anakula muhogo wa kila mtu. Shamba la Shaame limeliwa mpaka mpakani. Alikuwa na dhiki, nami nasema hivyo ili umwelewe. Alitaka mbwa wa kufanya kazi ya watu.

Basi akaanza na njia ya wazee. Alimfunga kamba ukutani kwangu, akampunguzia chakula, na alipomsogelea Tajiri akanguruma, kama alivyozoea, akingoja kuitikiwa. Aliitikiwa kwa gongo.

Niliyasikia yote. Mngurumo, gongo, kilio. Siku nyingine mngurumo mfupi zaidi, gongo, kilio. Nikaanza kusikia mngurumo unaoanza na kumezwa. Nilimwita Shaame nyuma ya pazia nikamweleza maneno yako, pamoja na ile haya, nshasikia, kidogo kidogo, kwa heshima, maana yeye ni shemeji yangu na ndiye aliyekuwa akiniletea unga. Akanijibu kwa upole kwamba mbwa ni mambo ya wanaume na mimi nikae eda yangu. Kisha ikaja siku gongo halikusikika tena wala mngurumo haukusikika. Shaame akaja mlangoni amefurahi, akaniambia Tajiri ametengenea, unamtilia mkono hata kwenye chakula, hasemi kitu.

"Shemeji," nikamwambia, "mbwa yuno kanyamaza, na mie ndo kwanza namchelea."

Akacheka. Kicheko chako, Faki, kilinipita mbavuni.

Haikuchukua muda. Walikuwa wakienda msituni kesho yake, na Shaame akataka kuondoa kigae ili mbwa ashinde na njaa. Sikusikia kitu chochote. Hapana mngurumo, hapana meno kugongana. Nikasikia tu mtu anapiga ukelele, na kigae kinavunjika.

Walimpeleka hospitali mjini Chake kwa baiskeli, kiganja kimepasuka. Aliporudi alikuwa amejitoharisha kwa udongo na maji kama sheria inavyotaka, mkono umefungwa, na mkuki katika mkono mzima. Nilijua alilolijia kwa namna alivyokanyaga. Watu wakajaa uwani, kila mmoja anasema mbwa ameshikwa na kichaa, ameuma bila sababu wala onyo, mbwa wa hivyo hangojewi. Kutoka siwezi. Nikamtuma mke wa jirani amkimbilie Maalim Othman, na kwa bahati alikuwa njiani akitoka chuoni.

Maalim alimuuliza Shaame kilichotokea. Shaame si mwongo, hilo nampa. Alisema alikuwa akimwondolea chakula. Maalim akauliza kama mbwa anatoka povu, anaogopa maji. Hapana. Akauliza kama alimwonya. Hapo mimi nikasema nyuma ya pazia, na sijui nilipata wapi sauti ile mbele ya wanaume wote wale:

"Alikuwa akionya, Maalim. Kapigwa hata kaacha."

Maalim akakata shauri kwamba mbwa afungwe mbali na njia, apewe maji na chakula, atazamwe kama ana kichaa. Nikitoka eda awe chini yangu. Akiuma mtu tena, auliwe siku hiyo hiyo na mtu asije kwake kumuombea. Shaame akakubali. Alikuwa amechoka naye. Nilimsikia akiuegemeza mkuki kwenye ukuta wangu na kukaa chini.

Basi nilipotoka eda, kitu cha kwanza nilichokabidhiwa duniani kilikuwa kamba ya mbwa.

Ungemwona usingemjua. Mbavu nje, jicho la kando kando. Alikuwa kimya, Faki, kimya cha mtu aliyefungwa mdomo. Watu wanapita wanasema maskini, ametulia sasa. Mimi usingizi ulinipaa. Niliogopa mtoto atapita, kuku atapita, mtu atainama kuokota kitu, na huyu hatasema neno, atafanya tu. Wewe ulikuwa na sauti yake ya kukuongoza. Mimi umeniachia bubu.

Nikafanya nilivyokuona ukifanya, kwa magoti haya mabovu. Nilikaa mbali wakati anakula, namtupia kipande cha muhogo au kichwa cha dagaa kilicho bora kuliko kilichomo katika kigae, kisha naondoka. Ajue kwamba mtu akija, kinaongezeka, hakipungui. Nikitaka kusogea namtazama mgongo. Ukikaza tu, hata bila sauti, narudi nyuma na kusema haya, nshasikia, ingawa hajasema. Nilijiona mwendawazimu, mjane namwitikia mbwa asiyeniita. Siku nyingine alikuwa anakula mimi nikapita na mtungi bila kukumbuka, akaganda, kichwa ndani ya kigae, jicho jeupe, na hakutoa hata pumzi. Nikarudi kinyumenyume mpaka jikoni nikautua mtungi.

Siku ile nilimtumia Salma jibu kwamba huenda nikaja. Nisikufiche. Nilisema moyoni, Faki mwenyewe amekwenda zake, kwa nini mimi nibaki na kazi yake? Muhogo wangu umechimbwa na nguruwe, bati limetoboka, na mimi nambembeleza mnyama asiyeruhusiwa hata kulala barazani pangu. Nilikukasirikia sana. Niliufunga mzigo. Umo kitandani hapa, nauona ninapoandika.

Nilichongoja ni Shaame. Nilitaka kumwambia yeye mwenyewe kwamba nimeshindwa, na kwamba lile la mkuki alifanye mimi nikiwa nishafika Gando.

Alikuja jana alasiri. Aliniletea muhogo aliouokoa shambani, kaubeba begani, maana mkono ule haujakunjuka vizuri. Nilikuwa jikoni nakuna nazi, na ua wa makuti umenikinga, sioni uwani. Nilikuwa nimeshampa Tajiri chakula. Nikasikia hodi ya Shaame, nikasikia nyayo zake, na zilikuwa zinakata njia ya karibu, ile inayopita pembeni mwa kigae. Kumbe mzigo ulikuwa upande wa mbwa, hakumwona. Nilitaka kuita, lakini nilichelewa. Nikasikia kigae kimenyamaza. Hakuna kutafuna, hakuna kucha. Kimya kile kile cha siku ile.

Kisha, kutoka chini kabisa, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika, Tajiri akanguruma.

Nyayo zikasimama. Nilisikia mzigo unashushwa chini, na nikajua sasa ana mkono mtupu, na fimbo haimkosi Shaame. Nikafumba macho. Mngurumo ukaendelea, mdogo, unatetemeka, unangoja. Nikasikia hatua inarudi nyuma. Halafu nikasikia sauti yako.

"Haya, nshasikia."

Faki, mkono wangu ulikatwa na mbuzi ya nazi nisijue. Nilijua ni Shaame, akili yangu inajua. Lakini nilikuwa nyuma ya ua, na sauti ilikuwa yako, na maneno yako, na pole pole ile yako. Nikasikia Tajiri anaanza kutafuna tena. Nililia juu ya ile nazi mpaka ikawa haifai kupikiwa.

Nilipotoka, Shaame alikuwa amekaa juu ya mzigo wake wa muhogo, fimbo iko chini, anautazama mkono wake wa kovu. Hakuniuliza kwa nini nalia. Alisema tu, "Kanambia, shemeji." Baadaye kidogo akasema akipata nafasi kesho atakuja kunitilia kiraka kwenye bati.

Basi ndiyo hivyo. Sina nguvu ya kukuandikia zaidi. Nikimaliza barua hii nitaukunjua mzigo wa kitandani, na Salma nitamtumia salamu kwamba nitakwenda kuwatazama wajukuu na kurudi. Nimechoka bado, na nguruwe bado wanakula, na mbwa wako bado ni najisi na bado hatavuka kizingiti changu. Sasa hivi kunguru anamzengea kigae chake huko nje, naye anamngurumia. Namwitikia kutoka humu ndani.

Lala kwa amani. Nisamehe kwa kuchelewa kukuaga.

Mkeo, mama yake Salma,
Mize